Mboga za Asubuhi Ndizo Zinazokupunguzia Mayai

Mvua za masika zikikolea na mchicha ukijiotea hadi nyuma ya choo, malalamiko ya wafugaji wa kuku wa mayai huwa yaleyale: kuku wamepunguza kutaga. Mtu ameshakwenda duka la dawa za mifugo, amenunua vitamini, wengine hata antibayotiki. Ukimuuliza asubuhi kuku wanaanza na nini, anajibu kwa fahari kabisa: "Nawatangulizia majani, washibe kidogo, ili chakula cha kununua kisiishe upesi."

Hapo ndipo hasara ilipo. Sikatazi mboga. Nakataza kuzitanguliza, na nakataza kuzitoa bila kupima.

Tufanye hesabu. Kuku wa mayai anayetaga vizuri hula takribani gramu 120 za chakula cha kutagia kwa siku. Chakula chenye protini asilimia 17 kinampa hapo gramu 20 hivi za protini. Kabichi ni maji zaidi ya asilimia 90, na protini yake ni kama asilimia 1.3 tu. Ili kabichi peke yake impe kuku zile gramu 20, itabidi ale kilo moja na nusu kwa siku, karibu uzito wake mwenyewe. Mchicha na sukuma wiki vina nafuu, lakini navyo kwa sehemu kubwa ni maji.

Sasa kuku ametoka kulala na njaa, gole, yaani kifuko cha chakula shingoni mwake, ni tupu, unamrushia kabichi. Analijaza. Tuseme amekula gramu 100 za kabichi, na kwa sababu hiyo siku hiyo akabakiza gramu 40 za chakula chake. Amekosa protini karibu gramu 7, amepata moja na kidogo. Amekosa pia kalsiamu ya gramu moja na nusu hivi, wakati ganda la yai moja linahitaji kama gramu 2. Kalsiamu hiyo ataichota kwenye mifupa yake kwa muda, kisha utaanza kuokota mayai yenye ganda laini. Wewe umeokoa gramu 40 za chakula. Piga mwenyewe bei ya yai ulilokosa.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba hasara haionekani kesho yake. Kiini cha yai hukua kwa kasi siku 7 hadi 10 za mwisho kabla yai halijatagwa, kwa hiyo kosa la leo linaweza kujitokeza wiki ijayo, na mfugaji anasingizia ugonjwa. Ndiyo maana antibayotiki zinanunuliwa bure. Na ukishawapa dawa, mayai hayo hayauzwi wala hayaliwi mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Hasara juu ya hasara.

Ratiba ninayotaka ufuate ni hii. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nusu ya chakula cha siku, yaani gramu 60 kwa kila kuku, pamoja na maji safi. Mboga zinaingia bandani kati ya saa sita na saa nane mchana, si kabla. Muda huo kuna joto, kuku hawana hamu ya chakula kikavu, kwa hiyo majani hayanyang'anyi nafasi ya kitu. Saa tisa toa mabaki yote, hata kama kuku wanayaangalia kwa huruma. Saa kumi jioni weka gramu 60 zilizobaki. Mlo huu wa jioni usiuchezee, kwa kuwa ganda la yai hutengenezwa zaidi usiku.

Kiasi cha mboga: gramu 30 kwa kuku mmoja kwa siku, zisizidi. Kuku 20 ni gramu 600. Nimesema gramu, sikusema fungu, wala "kidogo tu". Fungu la mchicha la genge moja ni mara mbili ya lile la jirani. Na chakula chenyewe mnakipimia kopo la lita moja mkidhani ni kilo. Si kilo! Chakula cha kuku ni chepesi kuliko maji, kopo hilo linabeba pungufu kabisa ya kilo, kwa hiyo kuku wako wanapunjwa kila siku hata kabla ya hiyo kabichi. Peleka kopo dukani, pima mara moja kwenye mizani, weka alama ya wino. Dakika tano.

Katakata majani vipande vya sentimita 2, au funga kichwa cha kabichi kwa kamba kining'inie usawa wa kichwa cha kuku. Majani marefu yenye nyuzi hujikunja na kuziba gole. Mchicha na spinachi vina oksalati inayozuia kalsiamu isitumike, kwa hiyo visiwe vya kila siku; badilisha na kabichi, sukuma wiki au majani ya maboga.

Mboga iliyopigwa dawa ya wadudu isubiri siku zilizotajwa kwenye kibandiko cha dawa, sawa na unavyosubiri kuila wewe. Majani ya nje ya kabichi yanayotupwa sokoni hujui yalipuliziwa lini, yaache hukohuko. Kisamvu kibichi, maganda na kokwa za parachichi, maharage makavu ambayo hayajapikwa: hapana. Vifaranga chini ya wiki 4 wasipewe majani kabisa.

Ukirekebisha, mpe kuku wiki mbili. Mayai yatarudi na kinyesi kitakauka.

Kama nia ilikuwa kubana matumizi, angalia chini ya chombo cha chakula. Chombo kilichojazwa hadi juu kinamwagika kila kuku anapochakura. Jaza theluthi moja tu, kiinue mdomo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku.