Udongo wa maua ya ndani umeota ukungu? Angalia maji kabla ya dawa

Unataka kumwagilia ua lako unakuta juu ya udongo kuna kitu cheupe kama pamba iliyochambuliwa, alafu kwa mbali kinanuka kama nguo iliyolala na maji kwenye beseni. Tulia kwanza. Huo ni ukungu, na mara nyingi hauli ua lako, unakula vipande vya magome na mboji vilivyomo kwenye udongo. Vijimbegu vyake vipo kila mahali, hewani na hata kwenye udongo wa mfuko ambao ndo kwanza umeufungua, vinasubiri unyevu tu. Kwa hiyo ukiuona jua mkono wako ni mzito kwenye maji, au maji hayana pa kutokea.

Mi nilihangaika na wangu muda mrefu, leo naukwangua baada ya siku nne umerudi, nikamwaga mdalasini mpaka chumba kikanukia chai, ukapotea kidogo alafu ukarudi vilevile. Siku moja nikanyanyua ile poti ya plastiki kutoka kwenye chungu cha urembo cha nje, lahaula, maji kina cha vidole viwili yametuama chini, meusi, yananuka. Mizizi inaogelea mi niko busy na mdalasini juu.

Ila hakikisha kwanza kama ni ukungu kweli. Kwaruza na kijiti: ukiwa laini unashikana kama utando ni ukungu, kikiwa kigumu kinavunjika kama magamba ya ndani ya birika hiyo ni chumvi ya mbolea na maji, dawa ya ukungu haitakusaidia kitu. Na kama pamba iko kwenye maungio ya majani na shina hao huenda ni wadudu, hiyo ni kesi nyingine.

Haya, toa ua nje au karibu na dirisha lililo wazi, vaa barakoa hasa kama una pumu au aleji, lowesha juu kidogo ili vumbi lisiruke, alafu kwangua sentimita 2 au 3 za juu na kijiko cha zamani utupe mbali, usitupie kwenye chungu kingine. Okota na majani yaliyokauka yaliyodondokea humo maana hicho ndo chakula chake. Jazia udongo mpya mkavu.

Sasa maji, hapa ndo pana kazi yenyewe. Achana na ratiba za kila Jumapili, ingiza kidole mpaka pingili ya pili, ukisikia ubaridi na udongo unang'ang'ania kidole acha, rudi baada ya siku mbili tatu. Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke chini, subiri kama nusu saa umwage yaliyobaki kwenye sahani. Chungu kisicho na tundu kitoboe au hamisha ua, na mawe ya chini hayasaidii, yanapandisha tu ile sehemu yenye maji karibu na mizizi. Sogeza ua kwenye mwanga na hewa, wakati wa baridi punguza maji maana linakunywa kidogo.

Hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile dawa ya kusafishia vidonda ya duka la dawa, sehemu moja kwa maji sehemu nne, inaua ukungu wa juu, sikatai, ila bila kurekebisha maji utanunua chupa baada ya chupa.

Kama majani yanageuka njano na ua linalegea wakati udongo umelowa, litoe uangalie mizizi. Myeupe migumu iko salama, ya kahawia inayoteleza na kunuka kata na mkasi uliosafishwa kwa spiriti, panda upya kwenye udongo mpya uliochanganywa na perlaiti (vile vichembe vyeupe vyepesi vya kulegeza udongo) au mchanga wa chenga kubwa.

Na ukikuta vijiuyoga vya manjano kama limau, mara nyingi ni Leucocoprinus birnbaumii, ua halidhuriki lakini uyoga wenyewe ukiliwa una sumu, so kama una mtoto anayetambaa au paka ang'oa kabla kofia haijafunguka. Vitaota tena, nyuzi zake zimeenea udongo mzima, we endelea kung'oa tu au badilisha udongo wote.