Jinsi ya kuulinda msitu wa asili usivamiwe na miti ya kuja, yaani iliyoletwa kutoka nje (kwa sisi wa Mufindi, Njombe na Rungwe)

Wakuu, huku kwetu ukitembea kidogo tu ni paina, mikaratusi na miwati kila kona, ila ingia ndani ya msitu wa asili ambao haujaguswa, pale ambapo majani ya juu yameshikana, hiyo miti huioni au unaona kamche kamoja kamedhoofu. Lazima ujue kwanini iko hivyo kabla hujashika panga, maana wengi wanakwenda "kusafisha" msitu na ndio wanaufungulia mlango.

Sababu kubwa ni kivuli. Paina imetoka Mexico, miwati na mikaratusi Australia, na ililetwa kwasababu inakua haraka juani, mbao, nguzo, magome ya kutengenezea ngozi. Hatukuletewa miti inayopenda giza. Mche wa paina chini ya msitu uliofunga unakosa mwanga na unakufa, wakati miche ya asili inajua kusubiri, inaweza kukaa miaka mingi ikiwa mifupi hivyohivyo mpaka mti mkubwa uanguke, ndipo inapanda. Sababu ya pili ni mbegu, msitu ulio mbali na mashamba unapokea mbegu chache.

Ila msijiamini sana. Iko mimea ya kuja inayovumilia kivuli, shida yake inaenea taratibu, kwahiyo msitu unaweza kuonekana mgumu kumbe haujajaribiwa tu. Kule Amani, Usambara, Wajerumani walianzisha bustani ya utafiti mwaka 1902 wakaleta mimea ya kila aina, na mingine imeingia mpaka msituni. Kuna mti unaitwa msizi, asili yake upande wa Uganda na Kagera, ulishika kasi Amani baada ya msitu kukatwa mbao, mashimo ya mwanga yakawa mengi, na ndege wanaoitwa hondohondo wakala matunda yake wakasambaza mbegu.

Sasa kazi. Anzia ndani, usianzie pembeni ambako pameshajaa. Pita kwenye njia za kuni, matanuri ya zamani ya mkaa na sehemu miti ilipoanguka, mche wowote wa kuja ng'oa na mzizi wake ukiwa bado unatoka kwa mkono. Mwezi wa kwanza mpaka wa tatu ni mzuri, udongo umelainika.

Miwati ndio inahitaji akili. USICHOME MOTO. Mbegu zake zina ganda gumu, zinakaa udongoni miaka na miaka, na joto la moto ndio linalipasua hilo ganda, kwahiyo ukichoma leo mvua ikija utakuta miche imetandika kama mkeka. Kata kabla maganda ya mbegu hayajakomaa, chuna magome ya kisiki mpaka chini. Alafu usikate yote kwa mkupuo! Kama chini yake miche ya asili imeanza kuota, punguza kidogo kidogo, hicho kivuli cha miwati kinakusaidia, ukikiondoa chote umeziitia jua mbegu za miwati zilizolala udongoni.

Paina ni rahisi, ikate chini ya tawi la mwisho kabisa haichipui tena. Mkaratusi unachipua, itabidi urudi kupukusa machipukizi mpaka kisiki kichoke. Lantana, kile kichaka cha kuja, kuifyeka ni kupoteza nguvu, chimba shina lake pale linapokutana na mizizi, na uiwahi kabla ndege hawajala matunda.

Ukingo wa msitu uacheni na vichaka vyake na mimea yake inayotambaa, hata kama unaonekana mchafu. Ule msongamano ndio unazuia jua na upepo kuingia ndani. Njia ya kuzuia moto ipigwe nje ya ukingo. Na wenye vinyungu (bustani za mabondeni) wasizidi kuyasogelea maji kila kiangazi, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Penye mwanya mkubwa pandeni miche iliyookotwa msitu huohuo, karibu na maji miti ya asili iitwayo mivengi inafaa sana. Kama msitu ni wa kijiji, Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu mkautenge uwe hifadhi ya kijiji, mkaweka na sheria ndogo, pelekeni hoja mkutano mkuu.

Jambo moja linaniuma. Haya yote ni ya msitu, nyanda za majani kama Kitulo, ile hifadhi ya taifa inayosifika kwa maua, ni habari nyingine kabisa. Pale hakuna kivuli cha kujilindia, paina inaingia kirahisi, na maua yale hayawezi kuishi chini ya miti. Mtu akija na mradi wa kupanda miti huko juu kwasababu "pako wazi", mkatalieni, na miche ya paina ikijiotea pembezoni ing'olewe mwaka huohuo kabla haijaanza kutoa mbegu.