Kula baada ya kupunguzwa mfuko wa chakula

Mfuko uliobaki baada ya upasuaji wa matundu madogo una umbo la ndizi, hivyo usiujaze. Wiki 2 za mwanzo ni vimiminika tu: mchuzi wa kuku uliochujwa, maziwa yasiyo na mafuta, funda moja moja kwa kikombe cha kahawa. Kisha vilivyopondwa: samaki asiye na miba, maharage, mlenda. Mlenda unateleza vizuri, lakini protini yake ni kidogo, na wewe unahitaji angalau gramu 60 kwa siku. Ugali wa uwele usubiri. Tonge zito hukwama, ukatapika. Maji, nusu saa baada ya kula. Juisi ya zabibu, hata ya Dodoma, iache.

Mapigo ya moyo yakizidi 120 kwa dakika umetulia, au homa ikipanda, wahi hospitali usiku huohuo: huenda mshono unavuja.