Somo: Programu ya simu ya kuomba nafasi chuoni, anzia kwenye karatasi ya mwanafunzi

Bandugu, tangu matokeo ya Exetat (mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari hapa Kongo) yatoke, kila siku napata ujumbe ule ule: «Yaya (mkubwa wetu), nataka kutengeneza programu ya kusaidia wanafunzi kujiandikisha, naanzia wapi?» Naandika hapa mara moja. Niko Lubumbashi, Kongo (DRC), komini (wilaya ya mji) ya Katuba, na kazi hii naifanyia watoto wa mtaa wetu, wanaopanda basi kwenda mjini mara tatu kwa ajili ya karatasi moja waliyoisahau nyumbani.

Hatua ya 1. Kaa na wanafunzi watano, waangalie wakijaza fomu ya karatasi kwa kalamu. Usiwaulize wanataka nini. Angalia wanakwama wapi.

Hatua ya 2. Chora skrini kwenye daftari. Skrini moja, swali moja.

Hatua ya 3. Tengeneza ya Android kwanza. Flutter (chombo cha kutengenezea programu za simu) inatosha.

Hatua ya 4. Majina. Hapa nisikilizeni vizuri.

Mara ya kwanza nilichukua fomu iliyotengenezwa nje, yenye visanduku viwili: jina la kwanza na jina la ukoo. Sisi Wakongo tuna matatu, «nom» (jina), «postnom» (jina linalofuata) na «prénom» (jina la kwanza, kama Marie), na ndivyo karatasi zetu zilivyo tangu «authenticité» ya rais Mobutu, siasa ya kurudi kwenye majina ya Kiafrika, miaka ya 1970. Binti mmoja wa jirani akaweka prénom kisanduku cha kwanza, nom cha pili, postnom ikakosa mahali. Programu ikatoa karatasi safi kabisa. Dirishani chuoni, karani akailaza juu ya diploma yake (cheti cha Exetat), akafuata majina kwa ncha ya kalamu: moja, mbili, akasimama. Akamrudishia. Ilikuwa siku ya mwisho. Binti alikuja kwetu na ile karatasi ameikunja mara nne, mama yake yuko nyuma yake, hasemi neno. Mwaka ule hakusoma, na kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo weka visanduku vitatu, kwa mpangilio wa diploma. Prénom usiilazimishe, wako wasio nayo. Usisahihishe tahajia ya mtu: diploma ikisema Ilunga na mwenyewe anajiandika Illunga, fuata diploma. Mwishoni onyesha majina yote kwa herufi kubwa, na maneno haya: «Weka diploma kando ya simu, linganisha herufi kwa herufi.» Kabla hajathibitisha, asiweze kuendelea. Nakuomba, hapa usifupishe.

Hatua ya 5. Kila anachoandika kibaki kwenye simu (kwa SQLite, hifadhidata ndogo ya ndani ya simu) na kitumwe mtandao ukirudi. Umeme ukikatika katikati ya fomu, asianze upya.

Hatua ya 6. Punguza picha za diploma na buleti (ripoti ya alama za shule) kabla ya kutuma. Kamera ya simu inatoa mega tatu, nne. Karatasi iliyopigwa kwenye mwanga mzuri inasomeka kwa kilobaiti 300. Tuma vipande vipande, ikikatika iendelee ilipofikia. Mega ni pesa ya mzazi.

Hatua ya 7. Usishike pesa ya mtu. Onyesha kiasi na akaunti kama chuo kilivyotangaza, alipe mwenyewe, apige picha ya bordero (karatasi ya benki ya malipo).

Hatua ya 8. Jaribu kwenye simu ya bei ya chini kuliko zote mtaani.

Maswali

— Yaya, mimi niko Goma. Naanzia wapi?
Hatua ya 1.

— Tuma msimbo wote tunakili.
Hapana. Sema umefika hatua gani na umekwama wapi, nitakusaidia.

— Visanduku vitatu vinajaza skrini. Si uweke kimoja, «majina kamili»?
Soma hatua ya 4 tena. Kila mtu atayapanga anavyojua, halafu chuo kikitaka postnom peke yake utaikata wapi? Nimeandika hayo kwa sababu ya mtoto aliyepoteza mwaka.

— Mimi ni mwalimu, komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Wanafunzi wangu wakiona «L1» wanashtuka. Kaka zao wanawaambia L1 ni mwaka wa nne.
Asante sana, mwalimu, hili sikuliandika. Kaka zao wako sahihi, na fomu pia iko sahihi. Mfumo wa zamani ulikuwa G1, G2, G3 (graduat), ndipo L1 na L2 (lisansi, yaani digrii). Kwa LMD (mfumo mpya wa lisansi, masta, daktari), iliyoenea nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, L1 ndiyo mwaka wa kwanza kabisa, na lisansi ni miaka 3, krediti 180. Usiandike «L1» peke yake. Andika «mwaka wa kwanza (L1 ya LMD)», na chini yake «zamani: G1», kwa ajili ya mzazi anayesoma begani kwa mtoto. Mwalimu, ukikubali, nitakuja na simu mbili darasani kwako tuwaangalie wakijaza.

— Seva yangu iko kwa saa ya Kinshasa. Kuna shida?
Iko, na umefanya vizuri kuuliza. Sisi wa Lubumbashi tuko mbele kwa saa moja. Chuo cha hapa kikifunga 23:59, seva yako bado itasoma 22:59 na itaendelea kupokea watu ambao mlango umeshafungwa. Hifadhi kwa UTC (saa moja ya dunia nzima), onyesha saa ya mji wa chuo, na uandike mji huo pembeni. Tumia tarakimu. Ukisema «saa sita», mmoja ataelewa adhuhuri (saa za Kiswahili), mwingine asubuhi (saa za Kifaransa).

— Yaya, namba za Exetat zimeharibika nilipofungua orodha kwa Excel. Zinaonyesha E+.
Namba ile ni ndefu, Excel inaichukua kama hesabu. Ihifadhi kama maandishi tangu kwenye simu, na safu hiyo ipange kuwa maandishi kabla ya kuingiza orodha. Usiiandike upya kwa mkono. Rudi kwenye faili la kwanza.