Ukifiwa na mume ghafla: niliyoyajua nikiwa edani

Baba watoto alitoka nyumbani Tanga saa kumi na moja alfajiri kwenda Muheza kufuata machungwa. Nilikuwa nimemnunia kwa ajili ya hela ya gesi, hata kumuaga sikumuaga. Saa nne nikaona namba yake inapiga. Sauti haikuwa yake.

Ukipata simu kama ile, mpe mtu mwenye utulivu aongee, na aandike: hospitali ipi, kituo kipi cha polisi, namba ya gari lililogonga, nani alishuhudia. Kwangu aliandika shemeji, nyuma ya risiti ya duka. Miezi baadaye ile risiti ndiyo iliyotusaidia kudai fidia, maana kila gari linatakiwa na sheria liwe na bima ya kufidia wengine, na wajane wengi tunazika bila kujua kwamba tuna haki ya kudai.

Halafu omba umwone. Mimi walinikatalia, eti nisimkumbuke vile. Binamu yangu akagombana nao mpaka nikaonyeshwa mkono tu, wenye kovu la panga. Niliushika. Nawaambia wenzangu, mgonjwa ukimuuguza unamuaga kidogo kidogo, lakini huyu katoka mzima, na mwili wako utaendelea kumngoja. Ule mkono ulinisaidia kuliko mawaidha yote. Usoni ni hiari yako, usilazimishwe wala usizuiwe.

Kwenye matanga utaambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli, ila usiku wa manane haikunilaza. Mwache anayesema aseme. Ukiulizwa usaidiweje, taja kitu: maji, sare ya mtoto ifuliwe, fulani alale hapa Ijumaa. Msiba una watu wengi siku tatu. Wa kuomba waje ni wale wa wiki ya tatu.

Eda ni miezi minne na siku kumi, na mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Niliiogopa, ikanifaa, kwa sababu hakuna aliyenitaka nichangamke. Shehe wetu alinieleza kwamba naweza kutoka mchana kwa jambo la lazima, hospitali au mahakamani, mradi nilale nyumbani. Uliza wako, maana mawifi nao wana fatwa zao.

Karatasi zisisubiri machozi yakauke: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, muhtasari wa kikao cha familia, kisha Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi. Kwa sheria yetu ya Kiislamu hutangulia gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Marehemu akiacha watoto, mke ana thumni, yaani sehemu moja ya nane. Asiondoke mtu na pikipiki "kuitunza" kabla ya hapo. Simu yake izimwe lakini laini isitupwe. Wadai na wadaiwa wake wamo humo.

Sasa lile la kununa. Sina dawa yake. Nilimweleza nyakanga mmoja jirani, mjane wa miaka mingi, akaniuliza, "Mlinuniana mara ngapi miaka kumi na moja?" Nikacheka, siku ya tisa ya msiba, nikaona haya. Cheka tu ukijiwa na kicheko.

Saa kumi na mbili jioni ndiyo mbaya, saa yake ya kurudi. Kila pikipiki ikikata kona nasimama. Nilijaribu kujizuia, nikashindwa, basi nikaipa ile saa kazi: ikifika napepeta mchele wa kesho. Mwezi wa pili bado nilikuwa napima vikombe vitatu, cha tatu chake. Sikukirudisha kwenye gunia, nilimpelekea mlinzi wa shule. Siku hizi akiniona nachelewa anakuja mwenyewe na bakuli.