Umepewa kazi ya kuandika historia ya shule yenu ya kutwa? Anza na rejista

Shule yenu ya binafsi inakaribia sherehe, direkta anataka kijitabu cha historia, na kwa vile wewe ndo mwalimu wa Kiswahili ama mwanafunzi wa zamani anayejua kuandika, kazi imekuangukia. Tafadhali usianze na picha ya direkta na kurasa tatu za kumsifu. Shule ya kutwa ni watoto wanatoka kwao asubuhi na kurudi jioni, kwa hivyo historia yake iko kwa mitaa walikotoka.

Omba rejista ya kuandikisha wanafunzi, ile kubwa ya jalada gumu, huwa iko kwa kabati ya sekretari ama imetupwa stoo na deski mbovu. Piga kila ukurasa picha na simu kabla mchwa hawajamaliza. Mstari mmoja unakupa namba ya mtoto, tarehe ya kuzaliwa, mzazi, mahali anakaa, shule alikotoka, siku aliyoondoka na sababu. Hapo kwa "mahali anakaa" kaa sana. Kama mko Kisumu, angalia kama miaka ya kwanza ni Milimani tupu, mtaa wa wenye pesa, alafu Kondele, Manyatta, Nyalenda na Mamboleo zikaanza kuingia, na uulize ni nini kilibadilika, karo ama basi la shule ama ni wazazi wenyewe walianza kupata pesa.

Alafu hesabu wavulana na wasichana, mwaka kwa mwaka. Kila shule ya miksi inapenda kusema ilikuwa miksi toka siku ya kwanza, sawa, lakini wasichana walikuwa wangapi, na waliofika darasa la mwisho ni wangapi? Uliza choo cha wasichana kilijengwa lini. Kama kilikuja miaka mingi baadaye, andika hivyo, hiyo ni historia kuliko hotuba yoyote.

Kuna miaka lazima usimame. 2003 elimu ya msingi ya bure ilianza na madarasa ya serikali yakajaa, angalia shule yenu ilipata nani na ikapoteza nani. Mapema 2008 baada ya fujo za uchaguzi, Kisumu na Nakuru zote mbili, familia zilihama, na majina yanaweza kukatika ghafla kwa rejista. Na kuanzia Machi 2020 shule zilifungwa, madarasa yote yakarudi Januari 2021, shule nyingi za binafsi zilikaa bila karo na zingine hazikufunguka tena. Uliza walimu wenu waliishi vipi hiyo miezi, na uwape nafasi waseme yote.

Ukienda kwa wazee usiulize "ilikuwa mwaka gani", watakubahatishia tu. Uliza, "Mzee, ulikuja kabla Ouko auawe ama baadaye?" na hapo unajua ni kabla ama baada ya Februari 1990, wakati waziri Robert Ouko aliuawa. Ama kabla ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Mtihani pia unasaidia, mtu akikwambia alifanya KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, 1981 ujue kuna kitu amechanganya, KCPE ilianza 1985 na kabla yake ilikuwa CPE. Na usianze na walimu wakuu. Anza na mpishi, dereva wa basi na mama wa usafi, hao walibaki wakati walimu wakuu walikuwa wanabadilishwa.

Cheti cha usajili soma vizuri, maana siku shule ilianza kufundisha na siku ilisajiliwa zinaweza kuachana kabisa. Weka zote mbili. Kama shule ni ya kabla ya Uhuru, wakati shule ziligawanywa za Wazungu, Wahindi na Waafrika, sema wazi ni watoto gani walikubaliwa na wengine waliingia lini, na kama karatasi zenu hazitoshi, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Moi Avenue pale Nairobi.

Kitu kimoja nakuomba sana: hiyo safu ya "sababu ya kuondoka" usiichapishe na majina. Kuna mimba hapo, kuna karo, kuna kifo cha mzazi. Sheria ya kulinda data ya 2019 inakubana, lakini hata bila sheria, huyo mtoto leo ni mama ya mtu hapo Kondele. Tumia hesabu pekee, na picha za watoto walioko shuleni saa hii omba ruhusa ya mzazi kwa maandishi.

Ukimaliza, mpe mwalimu wa zamani na mwanafunzi wa miaka hiyo hiyo wasome, na pale watabishana, andika maneno ya wote wawili.