Jinsi ya kuendesha ligi ya besiboli ya mwigo mtandaoni, na jinsi ya kuongoza timu ndani yake

Katika ligi ya besiboli ya mwigo hakuna mtu anayeshika gongo wala kurusha mpira. Programu ya kompyuta hucheza kila mchezo kwa kufuata viwango vya wachezaji na maagizo ambayo kila meneja ameyaacha kabla, na mara nyingi meneja mwenyewe huwa amelala timu yake inapocheza. Mwongozo huu unatumia Out of the Park Baseball, programu ya Mjerumani Markus Heinsohn iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1999, kwa sababu ndiyo niliyoitumia muda wote niliokuwa kamishna, yaani msimamizi wa ligi. Nitaanza na kazi ya kamishna, kisha nitaingia katika kazi ya meneja, kwa kuwa meneja asiyejua faili lake la maagizo linapita wapi hupoteza michezo asijue imepoteaje.

Ligi nilizoziona zikifa hazikuuawa na kanuni mbaya. Ziliuawa na ucheleweshaji. Katika ligi moja ambayo nilikuwa meneja wa kawaida, mkupuo wa Jumanne (michezo ya siku kadhaa inayochezwa na programu kwa pamoja) ulisogezwa hadi Jumatano, wiki iliyofuata ukasogezwa hadi Ijumaa, na haukupita mwezi kabla mameneja kumi hawajaacha kutuma faili zao, bila hata mmoja kuaga. Kwa hiyo karibu kila hatua iliyo hapa chini inalenga kuilinda ratiba.

Hatua ya 1: Amua ukubwa na kasi ya ligi

Ligi kuu ya Marekani ina timu 30, na kila timu hucheza michezo 162 katika muda wa wiki 26 hivi. Kila unapoendesha programu huchezi mchezo mmoja mmoja, unacheza siku kadhaa kwa mkupuo. Mkupuo mmoja ukiwa na siku saba za michezo, na ukiendesha mikupuo mitatu kwa wiki, msimu wa kawaida utakwisha katika wiki tisa. Ukijumlisha mchujo na kipindi cha baina ya misimu, utakuwa na misimu karibu minne katika mwaka mmoja wa kalenda. Kasi hiyo humpa meneja nafasi ya kufikiri bila kumchosha kwa kungoja.

Karibu kila kamishna mpya hutamani timu 30. Ushauri wangu ni timu 16, nane kwa kila upande. Mameneja 16 wanaotuma faili kila mkupuo hufanya ligi iliyo hai zaidi kuliko timu 30 ambazo nusu yake zinaongozwa na kompyuta, na programu inakuruhusu kuongeza timu baadaye watu wakishaanza kupanga foleni ya kuingia.

Hatua ya 2: Andika kanuni kabla ya kumwalika mtu yeyote

Mipangilio mingi iache kama ilivyo katika ligi halisi, maana imejaribiwa kwa miaka mingi na inasawazisha mambo ambayo kamishna mpya hayaoni: wachezaji 26 katika kikosi kinachocheza; wachezaji 40 katika orodha pana; haki ya kusuluhishiwa mshahara (msuluhishi kuuamua timu na mchezaji wasipokubaliana) kwa kawaida baada ya miaka mitatu ya utumishi; uhuru wa kwenda timu nyingine baada ya miaka sita; na mpigaji mteule anayepiga badala ya mrushaji katika michezo yote, kama ilivyo tangu mwaka 2022. Meneja anayeijua besiboli ataingia akiwa anajua nusu ya kanuni tayari.

Nguvu zako ziweke katika kanuni ambazo programu haiwezi kukuandikia. Zipo nne ambazo ligi yangu isingeweza kuishi bila hizo. Ya kwanza: mkupuo haurudiwi, isipokuwa kompyuta ya kamishna imezimika katikati au kamishna mwenyewe ameacha kuingiza faili lililofika kwa wakati, na uamuzi wa kurudia hutangazwa kabla ya kuanza upya, na kosa linaloonekana baada ya mameneja kupewa matokeo hubaki kama lilivyo. Ya pili: mabadilishano ya wachezaji hukaguliwa na watu watatu, na kamishna hapigi kura kwenye mabadilishano yanayoihusu timu yake. Ya tatu: meneja mpya habadilishi wachezaji kwa mikupuo sita ya kwanza. Kanuni hii imeokoa timu nyingi kuliko kanuni nyingine yoyote, kwa maana mgeni aliyekuja na shauku hufuatwa na barua kumi siku ya kwanza, na barua tisa kati ya hizo zinalenga chipukizi wake bora. Ya nne: ligi huhamia toleo jipya la programu katika kipindi cha baina ya misimu peke yake, siku iliyotangazwa, kwa sababu faili likishageuzwa kuwa la toleo jipya halirudi katika toleo la zamani.

Hatua ya 3: Hakikisha kila mtu anaelewa safari ya faili

Kamishna hupakia faili la ligi kwenye seva. Kila meneja hulipakua, hulifungua katika kompyuta yake, hupanga timu yake, kisha hutoa faili dogo la timu na kulipakia kwenye seva ileile. Muda ukifika, kamishna huyachukua mafaili yote ya timu, huyaingiza katika faili kuu, huendesha mkupuo, na kupakia faili jipya la ligi. Hapo mzunguko unaanza tena.

Kosa linalowapata karibu wageni wote ni kusahau kupakua faili jipya kabla ya kupanga timu. Meneja hufanya kazi ya saa nzima juu ya faili la mkupuo uliopita, hutoa faili la timu na kulipakia, na kazi hiyo yote haina faida, kwa kuwa tarehe ya faili lake hailingani tena na tarehe ya ligi. Mfundishe kila mgeni kuangalia tarehe iliyo juu ya ukurasa wa timu kabla ya kugusa kitu chochote.

Muda wa mwisho wa kutuma uandike kwa saa 24 na kwa UTC, saa ya kimataifa. Ukiandika «saa mbili» peke yake katika ligi yenye watu wa mabara manne, utapata tafsiri nne.

Hatua ya 4: Siku ya mkupuo

Nitaeleza jioni moja ya kawaida kama ninavyoifanya. Muda wa mwisho ni 20:00 UTC. Zikiwa zimebaki saa kumi na mbili, ujumbe wa kukumbusha huwa umekwenda, na baada ya hapo simfuati mtu. Ikifika 20:00 ninaangalia orodha: mafaili 14 kati ya 16. Timu mbili zilizobaki zitacheza kwa maagizo yao ya zamani.

Kabla ya jambo lingine lolote ninanakili folda nzima ya ligi na kuipa jina la tarehe ya ndani ya mchezo, kwa mfano «2031-06-08-kabla». Kisha ninaingiza mafaili ya timu, halafu ndipo ninapotekeleza mabadilishano yaliyokubaliwa. Mpangilio huu ni muhimu, maana mafaili yaliandikwa wachezaji wakiwa bado katika timu zao za awali. Baada ya mabadilishano, timu iliyotoa mtu mmoja na kupokea wawili itakuwa na wachezaji 27, kwa hiyo kila meneja anayekubali mabadilishano ni lazima aandike pia ni nani atakayeshuka kwenda ligi ndogo. Asipoandika, mabadilishano yanangoja mkupuo unaofuata.

Ninaendesha siku saba bila kusimama na bila kufungua mchezo wa timu yangu. Kamishna mwenye timu akishaona kwamba mrushaji wake ameumia siku ya pili, kishawishi cha kutafuta sababu ya kurudia kinamjia hata akiwa mtu mwaminifu. Dawa yake ni kutoangalia hadi faili liwe limekwishapanda.

Faili likishapanda, ninalipakua mimi mwenyewe kama meneja mwingine yeyote na kulifungua. Sikuwa nikifanya hivyo mwanzoni. Siku moja upakiaji ulikatika katikati, mimi nikaenda kulala, na mameneja wakakaa siku mbili na faili bovu. Tangu hapo jioni yangu haijaisha mpaka nimeliona faili likifunguka.

Hatua ya 5: Drafti ya kuanzisha ligi

Drafti ni kuchagua wachezaji kwa zamu. Tumia utaratibu wa nyoka: anayechagua wa 16 katika raundi ya kwanza huchagua wa kwanza katika raundi ya pili. Kila meneja aweke orodha ya majina ya akiba kwenye mfumo ili asimsimamishe mwenzake akiwa kazini. Wewe kama mchaguaji, kumbuka kwamba wadakaji (wanaokaa nyuma ya mpigaji), mashotistopu (walinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu) na wachezaji wa katikati ya uwanja wa nje wanaoweza kudaka na kupiga vilevile ni wachache, ilhali mpigaji mzuri wa kituo cha kwanza hupatikana hata raundi za mbali.

Hatua ya 6: Kuongoza timu ambayo huioni ikicheza

Sasa ninaongea na meneja. Kazi yako kubwa ni kumwandikia kompyuta maagizo ya mambo ambayo bado hayajatokea. Andaa mpangilio wa wapigaji dhidi ya warushaji wa mkono wa kulia, na mwingine dhidi ya wa mkono wa kushoto, kwa kuwa viwango vya mpigaji yuleyule huweza kutofautiana sana kati ya mikono hiyo miwili. Kwenye kipimo cha 20 hadi 80, ambacho 50 ni mchezaji wa wastani, nimekuwa na mpigaji wa 60 dhidi ya mkono wa kulia aliyekuwa 35 dhidi ya kushoto, na timu iliyokuwa naye kabla yangu ilikuwa ikimpanga kila siku.

Halafu fungua ukurasa wa akiba za nafasi, ambao watu wengi hawaufungui. Chukulia kwamba shotistopu wako anaumia siku ya pili ya mkupuo wa siku saba. Kompyuta itamchukua mtu wa pili uliyemwandika kwenye nafasi hiyo. Kama hukuandika mtu, na mchezaji pekee aliyebaki kwenye benchi ni mtu wa kituo cha kwanza mwenye kiwango cha 25 katika nafasi ya shotistopu, huenda ukaamka ukakuta makosa manne ya ulinzi katika michezo mitano, na lawama zote utakuwa umewatupia warushaji. Daima beba mchezaji mmoja anayeweza kucheza shotistopu, kituo cha pili na cha tatu kwa kiwango cha kuridhisha, hata kama hajui kupiga. Mdakaji wako mkuu naye mpangie siku za kupumzika, kwa sababu nafasi hiyo huchosha kuliko zote.

Warushaji watano wa kuanza na majukumu ya warushaji wa akiba huchukua dakika kumi kupanga. Usiyaache kwa kompyuta, hasa nafasi ya kumaliza mchezo.

Hatua ya 7: Pima mabadilishano kwa kinachodumu

Mwaka 2001 Voros McCracken alionyesha kwamba warushaji wa ligi kuu hawatofautiani sana katika kuzuia mpira uliokwisha kupigwa ndani ya uwanja usiwe pigo halali. Wanachotawala zaidi ni kuwaondoa wapigaji kwa straiki, mipira minne inayompa mpigaji kituo bure, na homurani, yaani pigo linalompa mpigaji nafasi ya kuzunguka vituo vyote, kwa kawaida mpira ukitoka nje ya uwanja. Kipimo cha FIP (urushaji usiotegemea ulinzi) kinatumia vitu hivyo, pamoja na wapigaji waliogongwa na mpira, na ndicho ninachokitazama kabla ya ERA, yaani wastani wa alama anazoruhusu mrushaji, bila zile zilizotokana na makosa ya ulinzi, kwa kila iningi (vipindi) tisa.

Tuseme unaletewa mrushaji mwenye ERA ya 2.90 katika iningi 180. Ametolewa homurani 24, ametoa vituo vya bure 60, amegonga wapigaji 5, na amewaondoa wapigaji 130 kwa straiki. Zidisha homurani kwa 13, upate 312. Jumlisha vituo vya bure na waliogongwa, zidisha kwa 3, upate 195. Zidisha straiki kwa 2, upate 260. Jumlisha mbili za kwanza, toa ya tatu, upate 247, kisha gawanya kwa iningi 180, upate 1.37. Ongeza namba ya kulinganisha ya ligi, ambayo kwa kawaida iko karibu na 3.10, upate 4.47. Tofauti kati ya 2.90 na 4.47 kwa sehemu kubwa ni bahati na ulinzi mzuri wa timu anayotoka, na wewe huuziwi ulinzi huo.

Kwa wapigaji, tazama uwanja wao wa nyumbani. Coors Field huko Denver uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na mpira huruka mbali zaidi katika hewa nyepesi. Programu nayo ina namba ya kila uwanja, 1.000 ikiwa ndiyo wastani. Mwenye homurani 30 katika uwanja wa 1.200 asilipwe kama mwenye 30 katika uwanja wa 0.900.

Hatua ya 8: Meneja anapoondoka

Wataondoka, hata kwenye ligi nzuri. Weka kanuni kwamba mikupuo mitatu mfululizo bila faili na bila taarifa inamaanisha timu iko wazi, na uitekeleze hata kwa rafiki yako. Weka orodha ya wanaongoja, na kabla hujaitangaza timu, andika kurasa mbili juu yake: mikataba mizito na mwaka inapokwisha, chipukizi watano wa juu, na sababu iliyoifanya timu ishindwe. Katika mikupuo miwili ya kwanza, fungua faili la mgeni baada ya kila mkupuo na umwandikie ulichokiona: akiba gani haikuandikwa, mrushaji gani amechoka. Mgeni wa mwisho niliyemfanyia hivyo aliikuta timu ikiwa na ushindi 51 na vipigo 70, na swali lake la kwanza lilikuwa ni nani wa kumweka kama akiba ya shotistopu.